Sweta Kwenye Kiti

Ilitangazwa rasmi, na aliyetangaza ni mimi, kwamba sebule yangu imekoma kuwa sebule. Kuanzia Jumatatu ile ilikuwa Kituo cha Mfano cha Elimu ya Nyumbani, chini ya usimamizi wangu, Kaimu Mkurugenzi Msaidizi wa Ratiba na Mipangilio. Jirani anayetaka kukopa chumvi aliombwa apitie mlango wa jikoni.

Asili ya jambo lenyewe ni paa. Shule ya mtaa wetu ilivuja mvua zilipoanza, nayo idara yetu, ambayo haipendi kuona watoto wakilowa, ikaifunga mpaka Kamati ya Paa itakapokutana. Kamati haikukutana. Mwenyekiti wake ni Mkurugenzi wetu Mkuu, mtu mwenye shughuli nyingi kiasi kwamba yeye mwenyewe hazijui zote. Ikaamuliwa watoto wasomee majumbani, na nyumba moja iteuliwe ili wengine waige.

Mkurugenzi aliniita akaniambia kwamba ukaguzi wa kituo ukienda vizuri, neno "Kaimu" litaondolewa kwenye cheo changu. Nimekaimu tangu binti yangu yuko tumboni, na sasa ana miaka sita. Neno hilo lilikuwa limenikwama kooni kama mfupa wa samaki, na sikuona aibu kulitaka litoke.

Binti mwenyewe tunamwita Chiriku. Bibi yake alimpa jina hilo kwa kuwa mdomo wake haujui likizo.

Kabla sijaingilia kati, mke wangu alikuwa akimfundisha mezani jikoni, tena kienyeji. Walihesabu maharage huku wanayachambua. Walisoma maandishi kwenye pakiti na makopo. Mtoto aliweza kusoma "unga", "chumvi", na "weka mbali na watoto", sentensi iliyomkera sana. Nilipouliza mpango kazi uko wapi, mke wangu alisema asubuhi wanasoma, mtoto akichoka wanapumzika, akishapumzika wanasoma tena. Nilisikitika. Mwanamke mwenye akili zake, amekaa siku zote hizo bila hata kamati ndogo.

Nikapanga. Ratiba yangu ilifunika ukuta mzima pamoja na swichi ya taa, ikabidi tuwe tunapapasa. Siku ilifunguliwa kwa kikao cha ufunguzi, wakafuata wajumbe kuthibitisha kumbukumbu za jana, kisha herufi ya siku ikawasilishwa. Herufi haigawiwi ovyo kama karanga. Inawasilishwa, inajadiliwa, inapitishwa. Herufi A ilipita bila kupingwa. Herufi B ilirudishwa kwa mashauriano baada ya mwanafunzi kuhoji kwa nini ina matumbo mawili. Chiriku alidai kwamba B anaijua tangu zamani, hata C na wenzake wote anawajua. Nikamweleza kwa upole kwamba haiwezekani kuijua, kwa sababu haijapitishwa.

Mke wangu nilimteua Afisa Ugavi, kituo chake cha kazi kikiwa jikoni. Alipokea uteuzi akiwa ameshika mwiko.

"Mtoto alikuwa anasoma, Baba Chiriku," alisema. "Sasa anahudhuria."

Nilimjibu kwamba mahudhurio ndiyo msingi wa utumishi. Akasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, nami nikamshukuru, nikidhani ananisifu.

Ili mwanafunzi aone nidhamu kwa vitendo, nilimpeleka ofisini kwa ziara ya mafunzo. Hapa niwaeleze wasiojua utumishi. Mtumishi makini ana makoti mawili, moja la kuvaa na moja la kukaa kazini. La kukaa kazini hutundikwa asubuhi kwenye mgongo wa kiti, na likishatundikwa mwenyewe yupo, hata kama yupo kwa kinyozi. Mtaalamu zaidi huacha kalamu wazi juu ya karatasi, na kikombe cha chai alichokinywa nusu.

Chiriku aliyafuatilia haya kwa umakini ambao herufi B haikuwahi kuupata. Aliona wananchi wamejipanga kwenye benchi la ukumbini. Alimsikia katibu muhtasi akiwaambia, "Mkubwa yupo, ametoka kidogo." Akaniuliza Mkubwa ni yupi. Nilimfungulia mlango wa ofisi ya Mkurugenzi, nikamwonyesha koti la kijivu kitini. Akaliamkia kwa adabu, akasimama akingoja. Nilijivuna. Watoto wengi wa siku hizi hawawaheshimu wakubwa.

Siku ya ukaguzi ikafika. Nilimvalisha Chiriku sweta yake nyekundu, nikamketisha mbele ya ratiba, nikatoka kwenda kumpokea Mkurugenzi getini. Alikuja na shati tu, akaniambia ofisini ameacha kila kitu kimekaa sawa. Nilimwelewa.

Tuliporudi ndani, kiti cha mwanafunzi kilikuwa na sweta.

Ilikuwa imetundikwa vizuri kwenye mgongo wa kiti. Mezani palikuwa na kalamu wazi juu ya daftari, na kikombe cha maziwa kilichonywewa nusu. Mtoto hakuwepo. Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye soksi, maana niliuona ule mfupa ukijilaza kooni maisha.

"Mwanafunzi yuko wapi?" akauliza Mkurugenzi.

Mdomo wangu ulijibu kabla yangu. "Yupo, Mheshimiwa. Ametoka kidogo."

Mkurugenzi aliizunguka ile sweta kwa jicho la fundi. Alinyoosha kidogo bega la kushoto, akakigusa kikombe. Akasema kazi ni nzuri, tungoje. Tukakaa kwenye benchi nililoliweka kwa ajili ya wageni, na ambalo sikuwa nimewahi kulikalia. Benchi lile ni jembamba. Limetengenezwa na mtu asiyependa watu.

Tulingoja. Mkurugenzi alikunja mguu, akaukunjua, akahamia upande ambao haukuwa na afadhali. Mke wangu alipopita na bakuli la maharage, Mkurugenzi alimwuliza kama mhusika atachelewa sana. Mke wangu alisema hawezi kumsemea, labda tuje kesho. Mkurugenzi alisema hakuwahi kujua kwamba kungoja kunauma mgongo. Nilimwambia hata mimi ni mara yangu ya kwanza.

Hatimaye Chiriku akaingia kwa mlango wa jikoni, magoti yana tope. Alikuwa akicheza nyuma ya nyumba na watoto wa fundi viatu, jirani yetu. Alipotuona, aliketi kwenye kiti chake, akasogeza kikombe, akatuuliza tuna shida gani.

"Tumekuja kukagua masomo," alisema Mkurugenzi. "Wewe ulikuwa wapi saa za masomo?"

"Nilikuwepo," alisema Chiriku. "Sweta yangu si hii hapa?"

"Nani amekufundisha hivyo?"

"Baba. Na koti lako, Mkubwa. Nililiamkia siku ile, halikuitikia."

Niliangalia ratiba. Ilikuwa na rangi nzuri sana. Mkurugenzi naye akaiangalia, na kwa muda tukawa watu wawili wanaopenda rangi.

Angeondoka wakati ule, mambo yangeishia hapo. Lakini mlangoni palibishwa hodi, wakaingia fundi viatu na wazazi wengine wa mtaa, wamechoka, wana tope la barabarani. Walikuwa wametoka ofisini kwetu kufuatilia paa la shule. Walikuwa wamekaa kwenye benchi la ukumbini tangu asubuhi, wakakata tamaa, na sasa walikuja kumwomba mke wangu awafundishe na watoto wao pale jikoni. Fundi viatu alimwona Mkurugenzi.

"Tumeambiwa upo," alisema.

"Nipo," alijibu Mkurugenzi, kwa mazoea.

"Basi tumekupata," alisema fundi viatu, akavuta kigoda, akaketi mbele ya mlango.

Mkurugenzi alipapasa mabega yake akitafuta kitu cha kuacha kwenye benchi, akakuta shati. Alisema kuna kikao kinamsubiri. Chiriku akamwambia kikao ni hiki, na kwamba kwa mujibu wa baba hakuna anayetoka kabla hakijafungwa. Kisha akafanya yote niliyomfundisha. Alikifungua. Aliuliza kama kuna aliye na udhuru. Alichukua chaki, akaandika ajenda ubaoni kwa herufi kubwa zilizonyooka: PAA LA SHULE LINAVUJA. Herufi P kwenye ratiba yangu ilitarajiwa mwezi wa nane.

Mke wangu alisimama mlangoni mwa jikoni akatabasamu, na ninakiri nilijisikia fahari iliyokaribia kunitoa machozi. Wakati huohuo nilijua kabisa kwamba hayo maandishi hayakutoka kwangu.

Kikao kilikuwa na mwenyekiti mmoja, na mlango mmoja uliozibwa na fundi viatu. Kiliendelea mpaka maharage yakaiva. Mkurugenzi aliidhinisha mabati, misumari na mafundi, akapiga simu zote akiwa palepale kwenye benchi, mkono mmoja umeshika kiuno. Wiki ile ile nyundo zilisikika mtaa mzima. Shule ikafunguliwa, Chiriku akarushwa darasa, na mwalimu wake akauliza ni mtaalamu gani aliyemfundisha kusoma. Alijibu kwamba ni Afisa Ugavi.

Kuhusu cheo changu, Mkurugenzi ni mtu wa haki. Nilipokwenda kwake alinieleza kwamba amepitia mahudhurio ya ofisi na kuona mtumishi mmoja ambaye hajakosa kazini hata siku moja, hajachelewa, wala hajawahi kumwaibisha mkubwa wake mbele ya mafundi viatu. Mtumishi huyo amethibitishwa kuwa Mkurugenzi Msaidizi. Ni koti langu. Mimi nitaendelea kukaimu siku linapokwenda kufuliwa.

Nilijaribu kukata rufaa. Katibu muhtasi aliniambia Mkubwa yupo, ametoka kidogo.

Ijumaa nilileta koti nyumbani ili lifuliwe. Nilipofungua mlango, Chiriku aliyatazama mabega ya koti, akanitazama mimi niliyelibeba, akapiga goti.

"Shikamoo, Mkubwa," akaliambia koti.

Nami nikasimama pale mlangoni, nikingoja zamu yangu.