Kumi na Moja kwa Arobaini

Jumatatu, 3 Juni

Maji yamenifika shingoni. Mama yake Mkataji, mchumba wangu, amekataa posa ya mdomo. Wiki tatu nimemsubiri, jana ametoa tamko: niandike barua, ukurasa mmoja, kwa mkono wangu mwenyewe. Akishaisoma ndipo atasema kama nitamwoa binti yake au nitafute kwingine. Mama huyu amefundisha lugha sekondari miaka thelathini na sita. Anadai mtu anaweza kukudanganya akiongea, ila akiandika utamjua tu.

Mkataji, ambaye huendesha mashine ya kukatia karatasi jirani na meza yangu ya majalada katika karakana yetu ya kujalidi vitabu, ameniambia niandike ninavyoongea. Ninavyoongea! Kwani anataka tuachane?

Jumanne, 4 Juni

Nimemshirikisha Miwani. Huyu hupiga maandishi ya dhahabu kwenye majalada na hujiona alizaliwa na kamusi mkononi. Akasema barua bila tamathali za semi ni aibu tupu. Akaniandikia orodha: tashbihi, sitiari, tashihisi, takriri, chuku. Nikauliza chuku ni nini. Akasema ni kutia chumvi mpaka msomaji mwenyewe aone umezidisha. Hiyo naiweza!

Jioni nikajaribu tashbihi. "Binti yako ni mzuri kama..." Kama nini? Nikatazama mezani. Uzi, sindano, mkasi, gundi. Nikaandika kama gundi. Nikafuta.

Jumatano, 5 Juni

Mungu si Athumani! Mwalimu, mama yake Mkataji mwenyewe, ametuletea kazi: madaftari ya insha za binti yake alipokuwa shule, yaunganishwe yawe kitabu kimoja. Nikayavua majalada. Karatasi za kwanza zilikuwa zimegandana na gundi ya zamani, nikaziloweka kando, ndivyo kazi inavyotaka. Zikabaki kurasa za ndani. Na kando ya kila sentensi nzuri Mwalimu alikuwa ametia vema kwa kalamu nyekundu!

Insha moja ilikuwa na vema kuliko zote. Sikuisoma, muda huo nautoa wapi? Nikanakili penye vema tu. Alichokisifu mwenyewe atakikataaje?

"Ametulia kama maji ya mtungini. Macho yake yamefumba kama ua la jioni. Sote tumeinamisha vichwa mbele yake. Ardhi imefungua kinywa kumpokea." Miwani amethibitisha kwamba hiyo ya ardhi ni tashihisi. Aliguna. Wivu huo.

Chini kukabaki nafasi ya mstari mmoja, na tamathali zimekwisha. Nikajaza lolote lililonijia: "Kila asubuhi humpa taa yangu ya mezani, kwa sababu yake iliungua mwezi wa tatu." Afadhali kuliko kuacha wazi.

Alhamisi, 6 Juni

Barua imekwenda. Mkataji aliibeba bila kuichungulia, ndivyo alivyo. Mchana msimamizi amenifokea mbele ya watu: majalada manne nimeyabandika juu chini. Taa sina, nifanyeje? Sikumweleza. Miwani akaniuliza kwa upole kama posa ikikataliwa nitahamia meza nyingine, maana yangu iko pazuri. Mnafiki!

Ijumaa, 7 Juni

Nimekwisha. Karatasi za kwanza zimekauka, nikaanza kuzirudisha mahali pake. Insha ile yenye vema tele ina kichwa kikubwa, kimepigiwa mstari kwa rula: "Siku Tuliyomzika Bibi."

Nilikaa sakafuni. Mkataji akaja kuuliza nina nini. Nikamwambia harufu ya gundi imenipanda kichwani. Kumbe nimemchimbia kaburi mchumba wangu, tena kwa hati nzuri!

Jumamosi, 8 Juni

Mwalimu ameniita. Nimekwenda roho mkononi. Barua ilikuwa mezani, nyekundu tupu. Kumi na moja kwa arobaini. Kando ya "Ardhi imefungua kinywa kumpokea" ameandika: Haraka ya nini?

Akasema bibi huyo ndiye mama yake mzazi. Alipoisoma alilia kidogo, kisha akacheka mpaka jirani akaja kuona kuna nini. Nikaanza kuomba radhi, akaninyamazisha kwa kalamu. Akasema tamathali ni ya kumwonyesha mwenzako kitu ulichokiona wewe, na binti yake alimwona bibi yake kweli. Mimi je, nimeona nini?

Kidole chake kikashuka hadi mstari wa mwisho. Vema mbili! Akauliza kama habari ya taa ni ya kweli. Nikasema ni ya kweli. Akauliza mimi mwenyewe, bila taa, naonaje kazi yangu. Nikakiri sioni, juzi nimegeuza majalada manne. Akaifunika kalamu yake, kisha akasema alama zote kumi na moja zimetoka hapo, na kwamba nikaribie nyumbani, mwanawe.

Mwanawe! Amekubali! Nimeshusha pumzi niliyoishikilia tangu Jumatatu. Nimerudi nyumbani miguu haigusi chini, na hii si chuku. Mkataji anataka kujua kwa nini nilitaka kumzika kabla ya harusi. Amecheka hadi akashika mbavu, nami nikacheka.

Jumapili, 9 Juni

Nimelala kama mtoto. Limebaki jambo dogo. Mwalimu anataka nakala safi ya kuwasomea wajomba Jumamosi ijayo, na ameagiza nibakize mstari wa taa, basi.

Mstari mmoja kwa wajomba watano? Wataniona bahili. Bahati nzuri kuna daftari moja bado sijalishona, na ndani yake mna maneno mazuri mno kuhusu taa, yenye vema: "Taa zilitukodolea macho, zikatujia mbio, nasi tukakosa pa kukimbilia." Tashihisi hiyo! Nimeshainakili.

Safari hii sifanyi ujinga. Kichwa nimekisoma kwanza: "Ajali Niliyoishuhudia." Nikapekua hadi mwisho kwa uangalifu. Hakufa mtu. Majeruhi tu.