Misalaba Yangu Myekundu Kwenye Kuta za Watu

Jamani, leo nimeaibika mbele ya mtaa mzima. Nitaeleza tangu asubuhi, maana nikianzia katikati mtadhani nimeiba.

Wengi wenu humu mnajua kwamba Jumamosi tuna misa ya mwaka ya marehemu mume wangu, fundi Kosmasi, kwao Matombo. Mama yake, ambaye sote tunamwita Bibi, magoti yamemgomea. Hajashuka Morogoro mjini miaka mingi. Mwezi uliopita nilipokwenda kumsalimia, aliniambia hivi:

"Mkwe wangu, Kosmasi aliondoka hapa kijana, akaniaga kwamba anakwenda kujenga mji. Huo mji sijauona. Siku ya misa niletee niuone, kabla macho nayo hayajafuata magoti."

Mji siwezi kuubeba. Nikaazima simu ya binti yangu Tekla, yenye kamera nzuri, nipige picha nyumba alizojenga baba yake.

Kuzijua si kazi. Marehemu alikuwa na mchezo wake. Akimaliza nyumba, mwenye nyumba humnunulia soda. Yeye hunywa soda, kisha kizibo anakigandamiza kwenye plasta ya mwisho kabla haijakauka, chini ya dirisha la sebule, pembeni kulia. Alikuwa ananiambia, "Hapo nimetia sahihi." (Sahihi ya kuandika ilikuwa inampa shida. Na mimi pia, darasa la saba letu lilikuwa la kubahatisha.)

Jumapili iliyopita nilijaribu mara ya kwanza. Nikarudi na picha nyingi, nimefurahi. Tekla akazitazama, akaniuliza, "Mama, hii nyumba baba aliijenga mara tatu?" Kumbe nimeizunguka nyumba moja, nikaipiga mbele, ubavuni na nyuma, nikihesabu ni tatu.

Ndipo nikapata akili. Ile akili ndiyo iliyoniponza.

Kwenye mfuko wa kazi wa marehemu, chini ya mwiko na pimamaji, kulikuwa na kipande cha chaki nyekundu. Alikuwa anaitumia kuweka alama ukutani. Nikasema leo kila nyumba nitakayoipiga picha naiwekea alama, ili nisiirudie. Alama gani? Msalaba mdogo. Marehemu Mkatoliki, mimi Mkatoliki, nyumba ni ya mikono yake. Niliona ni kama kuiombea.

(Mpaka hapo mtu mwenye akili zake anaona kosa? Mimi sikuliona.)

Nilianzia mjini kati, kwenye lile ghorofa la zamani la Wahindi lenye baraza ya mbao juu. Wageni wakipita husimama pale wakapiga picha. Marehemu hakulijenga, alizaliwa limeshazeeka, ila nguzo zake za mbele alizipiga plasta upya yeye. Nikapiga picha nguzo. Mlinzi akanikodolea macho.

"Mama, wenzako wanapiga baraza ya juu. Wewe unapiga nguzo?"

"Nguzo zinanitosha, baba."

Msalaba sikuweka. Nilimwonea haya yule mlinzi. Laiti ningeendelea na haya hizo hizo!

Nikapanda kwenye ule mtaa wa chini ya mlima. Huko marehemu alijenga nyumba tano za kawaida tu, za tofali na bati, zimepangana upande mmoja wa njia. Saa nne asubuhi, njia imetulia, watu wamo ndani au wako sokoni. Hapo ndipo nilipotakiwa kupiga hodi. Mtu mstaarabu anapiga hodi. Mimi sikupiga, na sababu nitaisema kama ilivyo: nikipiga hodi nitatakiwa kueleza, na nikieleza nitalia. Mwaka mzima huu nimejizoeza kutoeleza.

Basi nikawa nanyata. Nainama chini ya dirisha, natafuta kizibo. Nikikiona nakipapasa kidogo kwa kidole. Narudi nyuma hatua kumi, napiga picha. Narudi ukutani, nachora msalaba karibu na mlango. Ila mgongo wangu nao si wa jana, nachora nimepinda, na msalaba ukipindishwa mnajua unafanana na nini. Mimi sikujua. Niliona misalaba, na nikaona nachora vizuri.

Nyumba ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

Nikiwa kwenye ya nne nikasikia nyundo nyuma yangu. Nikajisemea, watu wa mtaa huu wachapakazi!

Akanipita dada mmoja mbio, godoro kichwani.

"Unahama, dada?"

"Tunahamishwa!"

"Pole sana," nikamwambia, na nikamhurumia kweli. Wenye nyumba siku hizi hawana utu.

Mbele kidogo kulikuwa na mzee anachimba mashimo uani kwake kama anafukuzwa. Pembeni ana miche ya migomba, mingi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, nipishe mama, wanakuja kuhesabu!"

"Kuhesabu nini?"

"Migomba! Mwenye migomba mingi ndiye anayelipwa vizuri!"

Nikasema serikali imefanya jambo jema, mwishowe wamewakumbuka wakulima. Nikaenda zangu nyumba ya tano, nikakikuta kizibo, nikapiga picha, nikachora msalaba wa mwisho. Jua kali. Nikajifuta jasho usoni kwa ile mikono yenye chaki. Moyo mweupe kabisa. Nikamwambia marehemu kimoyomoyo, umeona, mji wako wote ninao hapa.

Nikageuka kurudi nilikotoka.

Njia imejaa watu! Wamekusanyika mbele ya ile nyumba ya tatu. Juu ya bati kuna mwanaume na nyundo, ameshang'oa bati tatu, anazishusha chini. Kwenye kibaraza amekaa mama mwenye nyumba, wanamwita Mama Zuhura, mtandio mweupe, analia. Mimi kilio cha mjane au cha mtu anayepoteza nyumba hakinipiti. Nikaketi pembeni yake, nikamkumbatia.

"Mama yangu, kuna nini?"

"Tumewekewa alama! Barabara inapita hapa! Wamekuja kimyakimya, hata hodi hawakupiga, wamepiga picha, wameweka X, wameondoka!"

Nikapandwa na hasira. Nisiwafiche, niliongea sana. Mimi nisiyeongea, leo niliongea.

"Watu gani hawana huruma hivyo! Hata hodi? Wanaingia kwenye kuta za watu kama wezi? Mimi nina simu hapa, naipiga picha hiyo alama yao, twende nayo kwa mwenyekiti wa mtaa!"

"Mwenyekiti ndiye huyu," akasema mtu. Kweli alikuwepo, amesimama na daftari kwapani. "Asante mama kwa moyo huo. Alama yenyewe hii hapa. Piga."

Watu wakanipisha. Nikafungua kamera, nikainama mbele ya ukuta.

Jamani.

Nikauona msalaba wangu.

Nawaambieni ukweli, nilifikiria kuondoka. Njia ya kushuka ilikuwa wazi. Hakuna aliyenijua. Ningesema naenda kununua maji, ningekuwa stendi ya mabasi ya Msamvu saa hizi, na picha zangu mkononi. Lakini juu pale bati ya nne ilikuwa inalia kwa kung'olewa. Na bati hizo alizipigilia marehemu mwenyewe, maana hii nyumba aliijenga mpaka akaipaua.

"Ni mimi," nikasema.

"Ni wewe nini?"

"Hiyo alama nimeiweka mimi."

Mnadhani walinikasirikia? Hawakuniamini! Mama Zuhura akanishika mkono. "Kaa, dada yangu, uchungu umekuzidi. Mpeni maji huyu mama."

"Sitaki maji. Ni mimi. Zote tano ni mimi."

"Mpeni maji haraka."

Akajitokeza mzee mmoja wa kofia ya kitambaa, mfupi, ana fimbo asiyoiegemea. Baadaye nilijua anaitwa Mzee Mihayo, na ile nyumba ya tano ni yake. Akanitazama uso. Akatazama viganja vyangu. Akatazama mtandio mweupe wa Mama Zuhura, ambao begani ulikuwa na vidole vitano vyekundu, vimepangana vizuri.

"Huyu anasema kweli," akasema. "Mtazameni paji la uso. Amejiwekea X na yeye. Naye atabomolewa!"

Watu wakaanguka kicheko. Halafu kicheko kikakatika ghafla, kama mtu amezima redio, na wote wakanigeukia.

"Wewe ni mtu wa barabara?" Mwenyekiti akauliza.

"Hapana."

"Mpimaji?"

"Nauza mchicha sokoni."

"Sasa muuza mchicha anapiga picha nyumba za watu kwa ajili gani? Lete simu. Futa picha zote, sasa hivi, mbele yetu."

Aibu naweza kuibeba. Lakini Jumamosi nitapanda Matombo niketi mbele ya yule bibi mikono mitupu, nimwambie nini? Nikaikumbatia simu kifuani. Ikabidi nieleze. Lile jambo nililolikimbia mwaka mzima, nikalieleza mbele ya watu wasionijua, paji la uso jekundu.

"Nyumba hii aliijenga mume wangu. Amefariki. Mama yake hawezi kutembea, anataka kuona kazi ya mwanawe. Si X ile. Ni msalaba. Nilipinda mgongo."

Nikanyoosha kidole dirishani.

"Kama hamniamini, tazameni chini ya dirisha la sebule, kulia. Kuna kizibo cha soda."

Mama Zuhura akanyanyuka, akainama dirishani, akapiga ukelele. "Hiki! Miaka yote nadhani ni watoto! Nimewahi kumchapa Zuhura kwa kizibo hiki!"

Wenye nyumba nyingine wakatimua mbio kila mtu kwenye dirisha lake. Ukawa unasikia, "Ninacho!" "Na mimi ninacho!" Dada wa godoro akapiga kelele kutoka nyumba ya pili kwamba chake ni cha soda ya chungwa.

"Marehemu alikuwa kabila gani?" Mzee Mihayo akaniuliza.

"Mluguru wa Matombo. Mimi pia Mluguru."

Akaipiga fimbo chini. "Alaa! Mwenyekiti, funga daftari. Mimi Mnyamwezi, hawa ni watani zangu. Kesi ya Mluguru haisikilizwi na mtu mwingine nikiwepo. Hukumu natoa mimi."

Mwenyekiti akafunga daftari kwa furaha ya wazi kabisa.

"Wewe Mluguru," Mzee Mihayo akaendelea, "mmezoea kupanda milima mpaka mkiona ukuta ulionyooka mnachanganyikiwa. Utachukua ndoo na kitambaa, utafuta misalaba yako mmoja mmoja, na sisi tutakusindikiza. Halafu utashika ngazi mpaka bati zote zirudi. Picha zako utabaki nazo."

Basi nikafuta. Mtaa mzima nyuma yangu, wanapiga makofi kama tunamsindikiza bibi harusi. Yule mzee wa migomba alikuwa ameshapanda kumi na moja, akaniuliza aing'oe au aiache. Nikamwambia aiache, ikizaa nitamletea mteja sokoni.

Kisha nikashika ngazi. Mume wa Mama Zuhura, muda wote alikuwa juu, nyundo na bati zimemziba masikio, nusu ya habari haijamfikia. Akawa ananung'unika na misumari mdomoni.

"Na huyo fundi wako yuko wapi, kwa nini asije kunisaidia mwenyewe?"

Nikamjibu kutoka chini ya ngazi.

"Amefariki, baba. Jumamosi anatimiza mwaka."

Nyundo ikasimama. Akatoa misumari mdomoni, akaitazama, akairudisha. Akapigilia msumari mmoja. Kisha akasema bila kunitazama, "Nyumba yake haijawahi kuvuja." Akachukua msumari mwingine. "Mpaka leo."

Nilicheka, jamani. Nilicheka mpaka ngazi ikatikisika na yeye akanipigia kelele nitamuua. Sikumbuki mara ya mwisho kucheka hivyo.

Baada ya hapo walikataa nipige nyumba tupu. Kila mtu alitaka asimame mbele ya nyumba yake, ajifunge kanga safi, aonyeshe kizibo kwa kidole. Mama Zuhura alisimama na mtandio ule ule wenye vidole vyangu. Mumewe aligoma kushuka, kwa hiyo yumo pichani juu ya paa, amekunja uso. Bibi ataniuliza huyu anafanya nini juu ya nyumba ya mwanangu, na nitamweleza yote, maana uongo sikuzoea.

Ila wakati ule wa kufuta, nilipofika nyumba ya tano na ndoo yangu, Mzee Mihayo alikuwa amesimama mlangoni, ameuzuia ukuta kwa mgongo.

"Huu usiufute."

"Mzee, wewe si Mwislamu?"

"Ndiyo. Mke wangu yuko ndani ananuna, anasema nimebadili dini bila kumwambia. Mwache anune. Uache mpaka Jumamosi misa iishe. Jumatatu uje na ndoo yako ufute, na uje na mchicha."

Kwa hiyo Jumatatu narudi. Sasa naomba jambo moja. Asinicheke mtu humu. Wanyamwezi nyie chekeni, mna haki yenu, siwezi kuwazuia. Waliobaki nivumilieni mpaka Jumamosi ipite, na kama kuna anayejua jinsi ya kutoa chaki nyekundu kwenye mtandio mweupe, aniandikie hapa chini.