Rabson na Mashine ya Kuona Dhahabu

Mwenye mtoto anayependa njia za mkato amkalishe chini amsomee habari hizi, na akimaliza amsomee tena, maana watoto wa aina hiyo mara ya kwanza hawasikii.

Rabson Simkonda wa Tunduma aliiona riziki yake mchana kweupe, mwaka 2011, akiwa ameegemea pikipiki yake pale Chapwa. Alikuwa akisubiri abiria, ingawa haja nao hakuwa nayo. Nyuma yake wanaume wawili waliotoka machimboni Saza walikuwa wakinunua mihogo ya kuchoma na kubishana.

"Mzee Ngusa kasema atatoa ng'ombe kumi," alisema mmoja. "Mtu yeyote atakayemletea chombo cha kuona dhahabu chini ya udongo."

"Kumi? Msukuma atoe ng'ombe kumi?"

"Na kuwaswaga mpaka mnadani ni juu yake."

Rabson hakugeuka. Tapeli aliyekomaa hageuki. Aliendelea kufuta kioo cha pikipiki kisichokuwa na vumbi, lakini moyoni ng'ombe kumi walikwisha kuingia zizini mmoja mmoja, wakilia.

Mtu huyu alijaliwa ulimi. Aliwahi kuwauzia watu simu ambazo ndani yake mlikuwa na kipande cha sabuni, na mmoja wa walionunua alirudi kumuuliza chaja yake inapatikana wapi. Wazambia aliwaamkia kwa Kibemba, "Mulishani mukwai," na kabla hawajamaliza kuitikia alikuwa ameshawapunja kwacha zao. Mama yake, Ketrina, mkulima wa kahawa kule Mbozi, alichoka kuitwa polisi. Akakusanya kahawa ya misimu miwili, hakununua hata bati moja la kuezekea jiko lake lililokuwa likivuja, akamnunulia mwanawe pikipiki.

"Rabson, baba," alimwambia siku ya kumkabidhi funguo, "hii ndiyo yote niliyonayo. Hakuna nyingine nyuma yake. Beba watu, ule jasho lako."

"Mama, mimi nimeokoka na mambo yale."

Na kweli alibeba watu. Wiki tatu.

Basi Rabson alikuwa na laptopu kuukuu aliyoipata kwa dereva mmoja wa malori, na CD yenye programu ya kupiga muziki. Wimbo ukilia, mawimbi ya rangi yanacheza kwenye kioo: bluu sauti ikiwa ndogo, mekundu kama moto sauti ikipanda. Ukichomeka maiki, mawimbi yanacheza kwa sauti yako mwenyewe. Hapo ndipo akili yake ilipowaka. Akachukua bomba la antena ya televisheni, akaficha maiki ndani yake, akaziba kwa sponji ili makelele ya watu yasiingie, akavuta waya mpaka kwenye laptopu. Akigonga bomba kwa ukucha, kidogo tu, asikie yeye peke yake, wimbi linaruka jekundu papo hapo.

"Bluu, udongo," alijifundisha mbele ya kioo cha kabati. "Nyekundu, dhahabu. Kijani, mzee, hiyo usiiguse, hiyo ni mizimu."

Akatuma salamu Saza. Mzee Ngusa akajibu: njoo Jumamosi. Alhamisi umeme ulikatika, na uliporudi ulirudi na hasira zake. Laptopu ikatoa moshi mwembamba, ikalala usingizi wa milele. CD ilibaki nzima. Rabson akaichukua, akaenda kwa Scola.

Scola alikuwa na kibanda cha intaneti na kuchapa barua hapohapo Chapwa. Windows alikwisha kuitoa kwenye kompyuta zake zote, kwa sababu kila flashi iliyovuka mpaka ilimletea virusi, naye alichoka kusafisha. Aliweka mfumo mwingine, Linux, na tangu siku hiyo alilala vizuri.

"Dada Scola, niazime laptopu mpaka Jumapili. Kuna CD yangu nataka ichezee humo."

Scola akaigeuza CD, akaisoma. "Hii ni ya Windows, kaka Rabson. Humu haiingii."

"Kwa nini isiingie? CD ni CD. Kaseti ya nyimbo ukiiweka kwenye redio yoyote si inaimba?"

"Hii si kaseti. Wewe una pikipiki ya Kichina. Leo nikikupa pistoni ya lori utaifunga wapi?"

"Nitaifunga. Wewe nipe."

Akaiweka. Laptopu ikaitazama CD ile kama mkwe anavyotazama mboga asiyoila. Rabson akabofya, akabofya, akabofya kwa nguvu zaidi, kana kwamba tatizo ni kidole.

"Acha kuniulia mausi," alisema Scola. "Ipo njia. Kuna programu inaitwa Wine, inakaa katikati. Ni kama wale wakalimani wa mpakani. Programu yako inasema Kiwindows, huyu anasikia, anageuza, anamwambia Linux. Linux akijibu, anageuza tena. Lakini nakwambia mapema, mkalimani si mwenyewe. Mengine atayakosea, mengine atayaruka, na mengine—"

"Dada Scola, mimi watu wa mpakani ndio ndugu zangu. Fanya!"

Kosa la Rabson lilikuwa hilo na si lingine: alizoea watu wakimsikiliza yeye. Mtu akimweleza jambo, yeye alikuwa kimya kwa ajili ya kupanga sentensi yake inayofuata.

Ijumaa nzima Scola alihangaika. Mara ya kwanza programu ilifunguka, ikajifunga. Mara ya pili ilifunguka, lakini maandishi yote yalikuwa vijisanduku vitupu, mstari baada ya mstari. Rabson akafurahi: "Acha hivyohivyo, yanaonekana ya kitaalamu." Mara ya tatu rangi zilicheza lakini maiki haikusikia. Scola akatafuta mtandaoni, akasoma maswali ya watu wa nchi za mbali waliokuwa wakilia kilio hichohicho, akabadilisha hiki na kile. Jioni akagonga bomba. Kimya. Akahesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Wimbi likaruka jekundu.

"Imekubali!" Rabson akapiga kofi.

"Imekubali, ila sauti inachelewa. Umeona? Unagonga sasa, inaruka baadaye. Hilo limenishinda. Kwa hiyo kama ni kazi ya—"

"Nyekundu imetoka?"

"Imetoka, lakini baada ya—"

"Basi. Mungu akubariki, dada yangu. Jumapili laptopu utaiona."

Jumamosi akapita Mkwajuni kujaza mafuta, na saa sita mchana alikuwa Saza nyumbani kwa mzee Ngusa. Mzee huyo aliuza nusu ya mifugo yake akafungua shimo la dhahabu, akaajiri wachimbaji wanane kwa makubaliano ya kugawana kitakachopatikana. Mchanga wa dhahabu aliuosha mwenyewe, na miezi saba sasa alikuwa akiwaambia shimo limekauka. Waliendelea kuchimba kwa kula ugali wa mkopo. Siku hiyo walikuja wote kutazama, pamoja na Yunisi, mama anayewatwangia mawe, ambaye naye malipo yake yalikuwa yamekauka pamoja na shimo.

"Machimboni chombo hakinunuliwi kwa maneno," alisema Ngusa. "Asubuhi nimezika pete ya mke wangu humu uani. Ukiipata, ng'ombe wale pale. Usipoipata, barabara unaijua."

Rabson akainama kwa heshima. Desturi hiyo aliijua, na dawa yake aliijua pia: kuku. Kuku hawezi kuuacha udongo uliogeuzwa leo. Akatupa jicho, chini ya mpapai kuku watatu walikuwa wakiparua kama waliolipwa. Kazi imekwisha, alijisemea.

Akajivika laptopu kifuani kwa mkanda, kioo kikitazama watu naye akikichungulia kwa juu, kama muuza sigara na karanga. Bomba mkononi.

"Kimya jamani! Dhahabu ina aibu. Ikisikia makelele inajificha."

Watu wakaziba midomo. Mzee mmoja akavua kofia.

Rabson akatembea polepole. Bluu. Bluu. Akafika kwenye mpapai, kuku wakatawanyika, akagonga kwa ukucha. Bluu. Akagonga tena. Bluu tulivu kama maji ya mtungi. Jasho likaanza kumtoka nyuma ya masikio.

"Hapa," alisema kwa sauti ya daktari, "ni udongo mtupu."

Mzee Ngusa akacheka kifuani. Rabson akaendelea kutembea, na sasa miguu yake ilikuwa ikitafuta ilipo pikipiki. Alikuwa akipita kando ya zizi la mbuzi, bomba limening'inia, hagongi kitu, anaomba Mungu, ndipo wimbi liliporuka jekundu mpaka juu ya kioo. Likaruka tena.

"Yooo!" wachimbaji wakapiga kelele.

"Hapana!" Mzee Ngusa akaruka pia. "Hapo hapana kitu! Pete nimezika kule kwenye mpapai! Mashine mbovu! Ng'wanawane, mwanangu, chukua chombo chako uende, nitakupa hela ya mafuta!"

Yunisi akamtazama mzee, akatazama zizi, akamtazama mzee tena.

"Baba, mbona unatetemeka? Kama hapana kitu tukichimba tutaharibu nini? Kinyesi cha mbuzi?"

"Mbuzi wangu wana mimba, hawataki kushtuliwa!"

"Chimbeni," alisema Yunisi.

Hawakufika hata magoti. Sururu iligonga bati, wakatoa kopo la maziwa ya unga, na ndani ya kopo, katika vifundo vya nailoni, mlikuwa na miezi saba ya jasho lao. Walimkalisha mzee Ngusa chini, wawili wakamkalia mapajani, mpaka balozi wa nyumba kumi alipokuja na mzani ukaletwa. Siku ile kila mtu wa Saza alilipwa haki yake, na aliyeitafuta haki hiyo bila kujua alikuwa mwizi. Mungu ana watumishi wa ajabu.

"Na mimi?" aliuliza Rabson. "Ng'ombe wangu?"

"Ng'ombe ni wa mzee, na mzee yuko chini ya ulinzi," alijibu Yunisi. "Mashine hatuihitaji, tulichokuwa tunakitafuta kimepatikana. Lakini umetufaa, mwanangu. Chukua kuku."

Siku nyingine Rabson angebishana mpaka jua lizame. Leo alimpokea kuku kama mtu aliye ndotoni. Njia nzima ya kurudi alikuwa akipiga hesabu moja. Kwenye mpapai aligonga, ikanyamaza. Kwenye zizi hakugonga, ikapiga kelele. Na kwenye zizi ndiko dhahabu ilikokuwa. Sasa ni nani aliyeiambia? Yeye hakuiambia. Kwa hiyo imeona yenyewe! Programu ile ikiwa ndani ya Windows ilikuwa muziki. Scola alipoitia ndani ya Linux imegeuka jicho. Miaka kumi na tano ya kudanganya watu, na hakuna aliyemtayarisha kwa siku ya kudanganywa na mdomo wake mwenyewe.

Alimkuta Scola akifunga kibanda.

"Dada, laptopu hii niuzie."

"Siuzi. Ni ya kazi."

"Taja bei."

"Kaka Rabson, umeitumia kwa nini huko?"

Akamsimulia yote, mpapai, zizi, kopo. Scola akacheka mpaka akakaa.

"Sasa si ndicho nilichokuambia? Inachelewa! Uligonga kwenye mpapai, mkalimani akageuza taratibu, wewe ukawa umeshafika kwa mbuzi. Ungetembea haraka kidogo ingeonyesha choo."

Rabson akatabasamu kwa huruma. Maneno hayo aliyajua. Yeye mwenyewe aliwahi kuyatumia: muuzaji mjanja huponda mali yake anapotaka ibaki kwake.

"Umeshajua thamani yake, eh? Usinipige kamba, dada. Pikipiki ile pale."

Scola akaacha kucheka. "Ile aliyokununulia mama yako?"

"Kadi ina jina langu."

"Nimekuambia mara ya kwanza hukusikia. Nimekuambia mara ya pili hukusikia. Ya tatu nitakuambia ukiwa umeshasaini. Lete kadi."

Wakaandikiana mbele ya fundi viatu wa jirani. Laptopu kwa pikipiki, na chenji hakuna. Rabson alipokwisha kusaini Scola alimwambia mara ya tatu, kwa herufi zote, kwamba ule ni muziki tu. Rabson alikuwa akikunja waya.

Ketrina alisikia habari hizo baada ya wiki tatu. Alikwenda kwa Scola, akasomewa karatasi, akaona sahihi ya mwanawe. Akaomba apelekwe Saza. Kijana aliyeajiriwa na Scola akampeleka kwa pikipiki ileile, na mama akalipa nauli kamili, kwenda na kurudi, kukaa juu ya kahawa yake ya misimu miwili.

Alimkuta Rabson porini peke yake, amekonda, laptopu juu ya jiwe imeunganishwa na betri ya gari, bomba limelala chini. Mahali pote palikuwa na mashimo, kama watu wamezika kijiji kizima kisha wakabadili mawazo. Kila alipopiga sururu alisubiri. Baada ya hesabu ya sita kioo kiliwaka jekundu, naye alitupa udongo kando na kupiga tena kwa nguvu mpya. Tangu alipofika haikuacha kumwonyesha dhahabu hata siku moja.

"Rabson!" mama yake alimwita, akiwa amesimama karibu kabisa na bomba. "Rabson, mwanangu, twende nyumbani!"

Rabson hakuinua kichwa. Alikuwa akitazama kioo. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Wimbi likaruka juu kuliko yote aliyowahi kuyaona.

"Hapohapo ulipo, mama!" alisema, macho yamemtoka kwa furaha. "Sogea nichimbe."