Lebo Namba 17

Jumatatu, 3 Machi
Jumamosi ndiyo siku! Shangazi, fundi cherehani na mwenyekiti wa kikundi chetu cha kurejesha matumbawe, ametangaza leo huku ana pini mdomoni. Kila mmoja wetu analea tumbawe lake lenye namba; lililokua kuliko yote litapelekwa kwa boti hadi kwenye mwamba uliovunjwa na dhoruba, na mwenye nalo atalipanda kwa mkono wake. Lazima niwe mimi. Nimesoma kitabu cha matumbawe mara tatu. Binamu yangu Pweza (mikono yake iko kila mahali, hasa kwenye sahani yangu) hajasoma hata jalada.

Kasoro ndogo: siwezi kuogelea. Siri kubwa. Hakuna anayejua.

Jumanne, 4 Machi
Maji yamekupwa. Wote wameingia kitaluni, kule baharini tunakolea matumbawe, na miswaki, kusugua mwani usiyakabe matumbawe. Maji ya kiunoni. Mimi nilifika magotini, nikamwambia Shangazi kwa mbali kwamba mswaki wangu umepotea. Akasema huu ni wa nne, kwani naitafuna? Nikarudi ufukweni kwa heshima.

Alhamisi, 6 Machi
Meza ya chuma tuliyofungia matumbawe imeoza mguu. Fundi wa kuchomelea kaichukua. Matumbawe yako kwenye mabeseni ya maji ya bahari, kivulini. Mlinzi: mimi.

Ndiyo mara ya kwanza kuyaona kwa karibu. Langu, namba 17: jembamba kama penseli. La Pweza, namba 18: nene, limejaa manyoya ya kahawia kama paka. Moyo ulishuka hadi kwenye ndala.

Kisha nikawaza. Lebo ni plastiki tu, imefungwa kwa uzi. Nikatazama kulia. Kushoto. Dakika moja! Sasa namba 17 ndiyo nene. Si wizi. Ni kuhariri.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeandika hotuba ya ushindi. Kurasa tatu. Pweza akauliza mbona nauchekea ukuta, kisha akanigawia nusu ya yai lake. Nikalila nikiutazama ukuta uleule.

Jumamosi, 8 Machi
Nilisahau jambo moja. Kabla ya kupima, Shangazi husugua.

Alisugua namba 17, manyoya yote yakatoka kama ndevu zilizolowa. Mwani! (Picha za kitabuni hazina rangi, nitalaumiwaje?) Kikabaki kisiki cha ukubwa wa njiti ya kiberiti. Akakizungushia tepu anayopimia viuno vya wateja, akasema mteja huyu amekonda. Fundi wa kuchomelea alicheka mpaka akakaa chini. Namba 18, ile penseli, ikashinda.

Pweza hakucheka. Alilalamika kwamba haiwezekani lake lishinde. La Profesa (ndiyo mimi) analisugua yeye kila maji yakipwa, tena analianza hilo, kwa sababu Profesa anaogopa maji. Akifika kwenye lake, maji yameshajaa. Watu wote wakaitikia kwamba ni kweli, Profesa anaogopa maji.

Wote wanajua!

Nilifungua mdomo nikiri. Pweza akawahi: anataka msaidizi, na msaidizi ni Profesa. Nibebe beseni, niache kutoa macho.

Botini nililikumbatia beseni ili asitokee wa kuniambia nishuke. Pweza alipiga mbizi, akalifunga tumbawe mwambani. Kisha akanivika miwani yake, akanishika shati kwa nyuma, akaniamuru nitumbukize uso. Nikatumbukiza. Samaki wawili wa buluu walikuwa wameshafika kulikagua. Nilimeza bahari kiasi cha kikombe. Sijawahi kuwa na siku nzuri hivyo.

Njiani kurudi nikamwambia habari ya lebo. Akasema aliona wakati analifunga: fundo la lebo lilikuwa la kamba za viatu, na nani mwingine hufunga hivyo? Tumbawe ni tumbawe, akasema, bora limeota. Ila yai langu la wiki nzima ni lake.

Jumapili, 9 Machi
Tumegawiwa matumbawe mapya. Nimetafakari sana na kosa langu nimeliona. Si kubadilisha lebo. Ni kuifunga vibaya. Kesho naazima maktaba kitabu cha mafundo.

Pweza amenipa mswaki mpya, wa tano. Mgumu, mzuri, wa kijani. Nimeuweka ndani ya kitabu cha matumbawe, kuonyesha ukurasa nilipofika.