Idara ya Uraia wa Panya

Kwa heshima na taadhima, wakazi wa Kariakoo walitangaziwa kwa kipaza sauti kwamba panya wao sasa wana idara. Panya mweusi wa darini asili yake India. Yule wa kahawia wa mitaroni katokea Asia ya mbali. Wote waliingia kwa meli, na hakuna aliyegongewa pasipoti. Hao waondoke. Panya buku, mwenye mifuko mashavuni na mkia wenye ncha nyeupe, ni mzalendo halisi. Huyo asibughudhiwe.

Mkurugenzi Haruna alilipenda sana tangazo hilo. Aliliandika mwenyewe, na lilimliza.

Ukaguzi ulianzia duka la nafaka la Mama Jasvanti, ambako panya mweusi alikuwa amenasa mtegoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Mama, huyu ni mgeni. Katoka India."

"Huyu? Katoka kwenye gunia la choroko."

"Nazungumzia mababu zake."

Mama Jasvanti alimkazia macho. Duka lile lilifunguliwa na babu yake. "Mababu tena," alisema taratibu.

Haruna hakuwa mkatili. Alimweleza kwa upole kabisa kwamba duka linafungwa mpaka panya arudishwe kwao, na nauli ni juu ya aliyempa hifadhi.

Jirani wa mama, Abdulla muuza tende, alikuwa anapiga kelele. "Mkurugenzi, njoo uone balaa!" Buku mkubwa kama paka alikuwa kakaa juu ya boksi, mashavu yamefura tende.

Haruna akavua kofia. "Hongera sana. Mwenyeji huyu."

"Ananifilisi!"

"Anakula kwao. Kanuni inasema palipo na mwenyeji, mgeni ndiye anayepisha."

"Sasa nani atamlisha?"

"Mlezi wa wenyeji wote ni idara," Haruna alijibu kwa fahari.

Basi. Mama Jasvanti, ambaye sasa hakuwa na duka la kushinda, alikuwa na nafasi tele. Yeye na Abdulla walizunguka hadi Buguruni wakikusanya buku kwenye matenga, wakawakabidhi idarani kwa adabu zote. Haruna aliwapokea, akapiga nao picha.

Kesho yake buku mmoja aliondoka na mhuri wa idara, kautia shavuni. Mwingine alizaa kwenye droo. Jike mmoja mnene alikalia kiti cha mkurugenzi, akagoma kushuka. Haruna akavua kiatu, akakiinua.

"We baba!" Mama Jasvanti alimwita kutoka mlangoni. "Kwenu wapi?"

"Singida," alijibu, kiatu bado kiko juu.

"Na huyo kwao wapi?"

Haruna akashusha kiatu. Alikuwa mtu wa kanuni. Akavaa kiatu chake, akapisha.

Idara ikahamia barazani, mbele ya duka la Mama Jasvanti, meza moja na kiti cha plastiki. Kwa kuwa mhuri haukuwapo, amri ya kufunga duka nayo ilikosa nguvu, na Mama Jasvanti akafungua milango. Haruna alikuwa hajakaa vizuri mgambo wakafika.

"Mzee, hapa haparuhusiwi. Beba meza yako."

"Mimi ni mkurugenzi!"

"Ndiyo, mzee. Wote mnasema hivyo. Beba."

Meza ilikwisha nyanyuliwa Mama Jasvanti alipotokeza.

"Mwacheni, wanangu. Huyo mgeni wangu."

Haruna akamtazama mama, akawatazama mgambo. Hakubisha.