Kipupwe Kimekufa, Nimekizika Mwenyewe

Jumatatu, 2 Agosti 1909

Joto! Agosti hii, na nimelala mguu nje ya blanketi. Ukungu haujashuka kutoka mlimani Lupanga tangu sikukuu ya Mtakatifu Petro. Mbuzi wanahema kama Januari. Kipupwe kimekufa mwaka huu. Kilichobaki ni matanga.

Na kipupwe kikifa mapema, vuli hupiga hodi mapema. Hilo halitaki shule. Shule sikuikanyaga, herufi niliziiba nyuma ya bega la marehemu mume wangu, katekista, akiandika. Mdachi wa stesheni katundika kioo cha kupimia joto ukutani. Mimi nina goti. Amepima milima, amepima hata vichwa vyetu, lakini kioo chake hakijawahi kulima.

Shauri langu: nipande kabla ya Waluguru wote. Mjukuu wangu Agnes atajifungua karibu na Noeli. Nataka siku hiyo mahindi mabichi yawe jikoni, maziwa yamtoke kama kijito. Wenzangu watakuwa bado wanapalilia.

Agnes kasema, Bibi, tungoje mvua ikolee. Nimemwambia anyamaze ale. Kala. Mtoto mzuri.

Kasiani kapita, kauliza kama ni jua limenipiga au ni uzee tu. Huyu ni mtani wangu, ukoo wake na wetu hutaniana tangu mababu. Ana ruhusa ya kunitukana na kubeba kuku wangu mchana kweupe, na nikikasirika mimi ndiye mkosaji. Nimemjibu kwamba meno yake matatu yatanitazama tu nikitafuna mahindi.

Jumatano, 4 Agosti

Nimeshuka mjini na blanketi langu. Nia: Ebrahim mwenye duka alichukue, anipe jembe jipya. Kumbe duka lake ni mablanketi hadi darini! Aliyaleta kwa treni akingojea baridi. Nusura alie. Kasema, mama, hata panya wa humu siku hizi wanajifunika.

Nikakaa kizingitini, nikawaeleza wateja wake kwamba kipupwe kimekufa, wasijisumbue. Ebrahim akatoka na kifurushi cha chumvi, akaniomba kwa heshima zote nikaelezee kwingine. Biashara ni akili!

Blanketi nimelikata vipande vya kumbebea kitukuu. Agnes kauliza mimi nitajifunika nini. Nimejibu: joto.

Jumamosi, 7 Agosti

Manyunyu! Alfajiri, juu ya paa! Nimetoka nikacheza uani. Majirani wameona. Na waone.

Nimeteremsha mahindi ya mbegu yote yaliyoning'inia juu ya moto, meusi kwa moshi, fukusi wenyewe huyaogopa. Agnes kanisihi nibakize japo shada moja, kwamba mbegu hii ikifa hatuna nyingine, na yeye mtoto atamlisha nini. Nimemwambia anayebakiza anamdharau Mungu.

Ndipo Kasiani akachomoza nyuma ya mgomba, akanyakua mashada mawili, akatimua mbio. Mzee mzima, ndevu nyeupe, shuka kaikunja kiunoni! Mkono wangu ulikwishashika mpini wa jembe. Lakini utani ni utani. Nikacheka. Nimecheka mpaka taya zimeuma, huku moyoni namwombea ajikwae. Akajikwaa. Mashada hakuyaachia.

Yaliyosalia nimepanda yote.

Jumapili, 15 Agosti

Yameota! Yamejipanga mistari kama watoto wa komunyo ya kwanza. Baada ya Misa nimewaongoza wanawake wote shambani kwangu, pamoja na wale waliosema wana haraka. Nimemuuliza Kasiani mbele ya watu kama mwaka huu analima vumbi. Kajibu kwamba anangoja mvua, si jasho la bibi kizee. Watu wamecheka. Wivu ni ugonjwa.

Jumanne, 24 Agosti

Manyunyu hayakurudi. Jua limekausha mimea, na iliyojikaza wameimaliza kanga. Walikuja ukoo mzima kama walioalikwa. Sina mche, sina mbegu.

Na leo kipupwe kimefufuka! Ukungu mpaka mlangoni, baridi ya kung'oa meno. Nimejifunika vipande vya kitukuu, kimoja gotini, kimoja kichwani. Habari za mjini: mablanketi ya Ebrahim yamegombaniwa. Kanitumia salamu. Sikuzipokea.

Agnes hajanilaumu. Kakaa tu akishika tumbo, akitazama juu ya moto pale mbegu ilipokuwa. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 29 Agosti

Kasiani kaja kutoka Misa na umati nyuma yake, mashada yangu mawili kayavaa shingoni kama rozari. Mazima! Kumbe aliyatundika juu ya moto wake siku ile ile. Kasema alijua kichwa changu hakina ghala.

Hakuyatoa bure. Kadai nipige magoti mbele ya watu wote nimwite Baba Mvua. Magoti! Pamoja na lile lililopima vuli! Nikataka kumtemea mate. Nikaliangalia tumbo la Agnes. Nikapiga magoti, nikamwita Baba Mvua, na kwa sauti, maana alijifanya kiziwi. Vigelegele vikasikika mpaka kijiji cha Bigwa. Mbwa yule!

Halafu akavua blanketi jipya mabegani, akanitupia. Kasema watani ndio watakaonizika, na yeye hataki kazi hiyo kabla hajamaliza kunicheka. Nimempikia kuku. Kamla, akaondoka na mwingine kwapani, mzima.

Jumatatu, 30 Agosti

Mbegu iko juu ya moto. Agnes kalala vizuri, kaamka akiimba.

Nimekaa asubuhi nzima nikitafuta kosa langu, maana mtu mwenye akili hujirekebisha. Nimeliona. Nilichelewa! Ningepanda Julai, mahindi yangekuwa yamekomaa miguu, kanga wasingeyaweza.

Tena leo jua limetoka. Blanketi la Kasiani limenitoa jasho. Goti linasema kipupwe safari hii kimekufa kweli, na juu ya Lupanga kuna wingu lenye mimba kuliko Agnes.

Nimemtuma Agnes ampelekee Baba Mvua mboga, akae huko apumzike, asiharakishe kurudi. Alipopotea kwenye kona nikapanda juu ya kinu.

Nimeteremsha shada moja tu. La pili nimeliacha. Mimi si mjinga.