Geji Tatu za Pijo la Baba

Jumapili, 12 Januari

Uonevu! Kikao cha harusi ya Samiha kimeisha na bibi harusi kapewa Zubeiri. Yaani ndiye atakayembeba kwenye gari lake Jumamosi, kutoka hapa Raskazone hadi kwa mume, Maramba. Mimi ndiye mjomba wa pekee. Zubeiri ni baba mdogo tu, mwenye Noah yenye kiyoyozi. Kikao kizima kimenunuliwa na kiyoyozi!

Nikasimama. Nikawakumbusha kwamba Pijo la marehemu baba ndilo lililompeleka dada yangu Mwanamkasi kwa mumewe, na kwamba Samiha, bintiye, tangu mdogo anasema ataondoka kwao kwa gari la babu. Mwanamkasi akajibu mbele ya watu kwamba gari hilo lilichemsha kwenye harusi ya jirani Nasma, likachemsha kwenye msiba wa Tongoni, na geji yake ya joto ilikufa kabla ya baba. Wakacheka. Zubeiri alicheka mpaka akapaliwa na kashata.

Hata hivyo dada ana huruma. Kasema nikimthibitishia kufikia Alhamisi kwamba gari halichemshi, nitambeba mimi. Nitamthibitishia. Kwa geji!

Jumatatu, 13 Januari

Nimenunua geji kwa Ayubu wa spea. Tatu: ya joto, ya oili, ya betri. Nyeusi, mishale myekundu. Ayubu kashauri nizipeleke kwa Sabiri, fundi umeme. Sabiri kasema ana foleni, nimwachie gari mpaka wiki ijayo. Wiki ijayo!

Nimezifunga mwenyewe kwa kufuata video ya Mrusi mmoja kwenye simu. Lugha yake sikuielewa, ila mikono ilieleweka vizuri. Tatizo Mrusi alikuwa na nyaya za kila rangi, mimi nina nyeusi tu. Dashibodi imepasuka. Nimetia gundi. Nyaya zote nimeziunga kwenye waya wa taa kubwa, maana ndio uliokuwa karibu.

Zimewaka zote. Mke wangu Bi Mwanakhamis kauliza kwa nini redio sasa haiimbi. Baadhi ya watu hawaoni mafanikio.

Jumatano, 15 Januari

Balaa! Giza lilipoanza nikawasha taa, mshale wa joto ukaruka mpaka kwenye nyekundu. Nikasimama katikati ya barabara, nikafungua boneti, nikaimwagia injini maji yangu yote ya kunywa. Bodaboda wakakusanyika kutoa ushauri. Nikagusa rejeta, ile ya kupozea injini. Vuguvugu tu! Nikazima taa, mshale ukashuka. Nikawasha, ukapanda.

Kumbe ni taa. Nikampigia Sabiri. Akasema nyaya zifumuliwe, kila geji ipate njia yake, la sivyo zitanidanganya siku nzima. Nizifumue, na kesho nina mtihani? Nimepata dawa rahisi zaidi: taa zikiwaka, geji isisikilizwe. Harusi yenyewe ni mchana. Nani atawasha taa?

Alhamisi, 16 Januari

Ushindi! Nimemzungusha dada mpaka Sahare na kurudi, taa zimezimwa. Mishale imetulia tuli. Dada alivaa miwani, akauliza kila geji kazi yake. Nikaeleza. Ile ya betri nilieleza kwa kirefu kwa sababu siielewi.

Akakubali. Samiha akanikumbatia, akasema babu angefurahi. Nilitaka kulia, nikaenda kukagua tairi.

Zubeiri kauliza kama rejeta ni nzima. Wivu huo. Halafu kasema atafuata nyuma na Noah, kwa tahadhari. Tahadhari ya nini?

Ijumaa, 17 Januari

Noah imepambwa! Riboni, maua, puto. Gari la tahadhari limependeza kuliko gari la bibi harusi. Sikuvumilia. Nimechongesha ubao wenye majina, SAMIHA NA YAKOUB, upana wa gari zima, nimeufunga mbele, juu ya matundu ya rejeta. Nyuma ya ubao nimekaza satini nyekundu, isionekane kutu. Juu yake maua. Nasma alipita akauliza gari litapumulia wapi. Nikamwambia gari si mtu.

Jumamosi, 18 Januari

Naandika haya Maramba, nimekaa ndani ya Pijo kwa sababu nyumbani kwa bwana harusi siwezi kumtazama mtu usoni.

Tulitoka baada ya adhuhuri. Jua kali. Mbele pikapu ya matarumbeta, ikitembea taratibu kuliko watembea kwa miguu. Kiongozi wa msafara akapita akigonga vioo: washeni taa, pigeni honi, huu msafara au mazishi? Ningefanyaje? Nikawasha. Mshale wa joto ukaruka kwenye nyekundu, kama kawaida yake. Sikujali.

Matarumbeta yalituacha Mabokweni. Tukaingia barabara ya vumbi, vilima vikaanza. Zubeiri nyuma anawasha na kuzima taa, anatoa mkono dirishani, anaonyesha mbele ya gari langu. Nikadhani anataka kunipita. Nikakanyaga mafuta.

Samiha kiti cha nyuma, na mtandio wake, na udi wake, akasema kwa upole, "Mjomba, mshale umefika mwisho."

Nikacheka. Nikamwambia, "Hiyo ni taa tu, mwanangu."

Akauliza kama moshi nao ni taa.

Pijo likazima katikati ya kilima. Mvuke ulitoka pande zote, maua yakanyauka palepale. Mwanamkasi alishuka kwenye Noah, akautazama ubao, akanitazama mimi. Ningependa angenitukana. Zubeiri akamfungulia Samiha mlango wa Noah. Kabla ya kuingia, Samiha akalishika Pijo kwenye paa. Akasema, "Nilitaka nifike nalo mpaka mlangoni, mjomba."

Iliniuma. Naandika wazi: iliniuma sana.

Kisha Zubeiri akatoa kamba. Alikuja nayo kutoka nyumbani, mnafiki! Akanivuta mpaka Maramba nyuma ya bibi harusi, mimi nimeshika usukani, majina ya maharusi mbele yangu, watoto wakipiga makofi njia nzima. Taa nilizima. Geji ya joto ikashuka ikatulia. Tazama! Taa zikizimwa inafanya kazi vizuri kabisa.

Jumatatu, 20 Januari

Sabiri na mwenzake wamefungua injini. Gasketi imeungua. Sabiri anasema geji Jumamosi ilisema kweli, ila nilikuwa nimeshawafundisha watu kutoiamini. Sijapenda alivyosema. Kosa ni la kiongozi wa msafara na taa zake. Pia maua.

Samiha kapiga simu. Hakuuliza habari yangu, aliuliza habari ya Pijo. Kasema fungate ikiisha Jumamosi twende kumchukua, tumrudishe nyumbani kusalimia, na kama Pijo litakuwa limepona, anataka apande hilo hilo. Kamwambia mama yake. Mama yake kasema maneno ambayo Samiha hakuniambia.

Safari hii sikosei.

Ijumaa, 24 Januari

Gasketi mpya. Gari linaunguruma vizuri. Sabiri alitaka kufumua nyaya zangu, nikamkatalia, nimejifunza na nazijua mwenyewe. Badala yake nimenunua geji ya nne, ya joto vilevile, kuichunga ile ya kwanza. Zikipishana, najua moja inadanganya.

Hii sikuiunga kwenye taa. Mimi si mjinga wa kurudia. Nimeiunga kwenye waya wa honi.

Nimeijaribu jioni hii. Haitikisiki, isipokuwa nikipiga honi, hapo mshale unaruka mpaka kwenye nyekundu. Si neno. Tunakwenda kumchukua bibi harusi, nani atapiga honi?